Habari za Shule Zifikeje Nyumbani?

Kila mara wanachuo wetu wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi hukaa na kuzisoma taarifa zao. Taarifa hizo hutofautiana katika mambo mengi: huyu alifundisha darasa lenye watoto 40, yule alipewa watoto 120 na ubao uliopasuka, huyu alipangiwa mjini, yule alivuka mito miwili kwa miguu. Lakini ipo sentensi moja ambayo haikosekani. Nayo ni hii: "Wazazi wa hapa hawana mwamko wa elimu." Huandikwa kwa utulivu kabisa, kama mtu aandikavyo kwamba shule ina vyumba saba vya madarasa. Tunapomwita mwandishi wake na kumwuliza ni wazazi wangapi aliozungumza nao katika majuma yale yote, aghalabu hujibu kwamba hakupata nafasi.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu wanachuo peke yao. Sentensi hiyo wameirithi kwetu. Wameisikia katika ofisi za walimu, wameisoma katika taarifa za waliowatangulia, na huenda wengine wameisikia kwa mkufunzi darasani. Sisi tunadhani wakati umefika wa kuichunguza. Je, ni kweli kwamba wazazi wamelala, au ni sisi tuliogonga mlango usio wao?

Yafaa tukumbuke kidogo tulikotoka. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mojawapo ya makosa aliyoyaona katika elimu tuliyorithi ni kwamba ilimtenga mwanafunzi na jamii yake, ikamfanya aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hupatikana vitabuni au kwa watu waliosoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika kijiji cha Kwamsisi, wilayani Handeni, palifanyika majaribio ya shule ya jumuiya, nacho Chuo cha Ualimu cha Korogwe kikashiriki. Walimu na wanakijiji walijaribu kushauriana juu ya mambo yafaayo kufundishwa, na kazi za kijiji zikawa sehemu ya masomo. Kisha mwaka 1977 ukaja mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto walifurika shuleni, na katika vijiji vingi wazazi walifyatua matofali na kusimamisha madarasa kwa nguvu zao wenyewe. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, wala hatuna budi kuiheshimu. Lakini tukitazama nyuma tunaona kwamba polepole uhusiano wa shule na mzazi ulibaki kwenye lile tofali. Mzazi aliitwa palipohitajika nguvu zake au fedha yake. Palipohitajika akili yake, hakuitwa.

Tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za serikali imetolewa bila ada, na michango ya lazima ikakatazwa. Mzazi akabaki na sare, madaftari, chakula cha mtoto na mambo mengine ya namna hiyo. Hapo ndipo udhaifu wetu ulipoonekana wazi. Katika shule kadhaa tulizotembelea tuliambiwa kwamba mikutano ya wazazi imepungua. Tulipouliza sababu, mwalimu mmoja alijibu kwa unyofu wake: "Sasa tuwaite kwa ajili ya nini?" Ndugu wanachuo, jibu hilo litafakarini. Mwalimu anaye mtoto wa mtu kwa saa sita kila siku, naye hana la kumwambia mwenye mtoto ikiwa halihusu fedha!

Na tuseme sasa habari ya kwetu wenyewe, maana si vema kunyosha kidole kwa wengine tu. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukimsimamia mwanachuo katika shule moja ya kijijini. Siku ya mwisho wa muhula tuliongozana naye kumsalimu mama mmoja jirani wa shule, ambaye mwanawe alikuwa Darasa la Pili. Tulimkuta anapika wali na kuku. Baada ya salamu alituambia kwa furaha kwamba anampongeza mtoto, kwa kuwa amefaulu vizuri sana. Tukamwomba tuione ripoti. Mtoto alikuwa wa 58 kati ya 91, na mbele ya somo la Kusoma mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili: "Aongeze bidii." Yule mama hakujua kusoma. Ripoti alisomewa na mwenye ripoti.

Tulimsomea kama ilivyoandikwa. Mtoto aliangalia vidole vyake vya miguu. Tulitazamia kwamba mama atamkemea, lakini hakufanya hivyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akatugeukia akauliza, "Sasa walimu wangu, mimi nifanyeje?" Tukamwambia amhimize mtoto. Akauliza tena, "Nimhimize vipi, nami kitabu sikijui?" Hapo tuliishiwa. Sisi wenye stashahada ya elimu, tuliojaza daftari zima kwa nadharia za ujifunzaji, hatukuwa na jibu hata moja la kumpa mama aliyekuwa tayari kulitekeleza jioni ileile. Tulikula wali wake tukaondoka.

Swali lile halijatutoka. Wala si swali la mtu mmoja. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima watano, zaidi ya mmoja hakujua kusoma na kuandika. Ongezeni wale waliojifunza zamani wakasahau, na wale wajuao kusoma lakini hawaelewi lugha ya ripoti zetu. Ninyi mtawafundisha watoto wao. Mkiendelea kuandika "Aongeze bidii" mtakuwa mnaandika barua isiyo na mpokeaji.

Tuitazame basi ripoti yenyewe. Nafasi ya 58 kati ya 91 humwambia mzazi kwamba watoto 57 wamempita mwanawe. Haimwambii mtoto anajua nini, hajui nini, na afanye nini ili ajue. Alama 34 katika Kusoma humwambia hata kidogo zaidi. Fomu ya ripoti huletwa kama ilivyo, na mwalimu hana uwezo wa kuibadili. Lakini ile nafasi ya maoni ya mwalimu ni mali yake. Hapo aandike, kwa mfano: "Anasoma silabi bila taabu. Bado hawezi kuziunganisha kuwa neno refu. Kila jioni akusomee mistari mitano, nawe umsikilize." Maneno haya mtoto hawezi kuyageuza kwa urahisi, kwa sababu yanamtaka afanye jambo mbele ya mama yake. Na kama mwalimu ajua kwamba nyumba fulani hakuna msomaji, asiitume ripoti kwa mtoto. Amwite mzazi, ama amwendee, amwambie kwa mdomo. Kusema kwa mdomo si jambo la chini ya hadhi ya mwalimu. Katika vijiji vyetu habari nzito nyingi hupelekwa kwa mdomo: msiba hautangazwi kwa karatasi.

Tukiisha kumfikia, tumwambie nini? Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu wengi hudhani kwamba mzazi asiyesoma hana la kufanya isipokuwa kununua daftari na kalamu. La hasha.

Mzazi asiyejua herufi aweza kumsikiliza mtoto akisoma. Jambo hili huwashangaza wanachuo, lakini na walifikiri. Mama yule masikio anayo, na lugha anaijua. Mtoto akisoma kwa kukwama atasikia kwamba anakwama. Akisoma sentensi isiyo na maana atagundua kwamba haina maana. Amwambie mtoto aweke kidole chini ya kila neno asomalo, ili aone kama anasoma kweli au anakariri. Akimaliza amwulize: "Kisha huyo mtu alifanya nini? Kwa nini alikimbia?" Mtoto asiyeweza kujibu hakusoma, alitamka tu. Dakika kumi zatosha. Na kwa kuwa katika shule nyingi vitabu ni vichache na hubaki shuleni, mwalimu wa Darasa la Kwanza na la Pili awape watoto mistari mitano ya kunakili ubaoni kwa ajili ya kusoma nyumbani. Kazi hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: mtoto ameandika, na jioni atasoma. Tangu mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu uanze kutumika katika madarasa hayo mwaka 2015, twajua kwamba huko ndiko mwalimu anakotakiwa kuweka nguvu. Kwa hiyo hatumwongezei mzigo mpya, twamwombea msaidizi.

Katika hesabu wazazi wametutangulia. Mama auzaye maandazi hafanyi kosa katika chenji hata sokoni pakiwa na kelele. Mwacheni mtoto wa Darasa la Tatu akae naye siku ya Jumamosi: mteja amechukua maandazi 7 kwa shilingi 200 kila moja, ametoa noti ya 2,000, arudishiwe ngapi? Mama asilitoe jibu, amngoje mtoto. Hilo tu ndilo tunalomwomba, kungoja. Mkulima naye anao kisado na debe, ana hatua za miguu anazopimia shamba, ana mistari ya mahindi ya kuhesabu. Twaonelea kwamba mwalimu angefanya vizuri kuyaleta maswali yake ya hesabu kutoka huko, ili mtoto akirudi nyumbani ayakute mambo yaleyale yakiwa hai. Mwaka jana mwanachuo mmoja alitunga swali la hesabu juu ya bei za tikiti za treni katika kijiji ambacho hakuna mtoto aliyewahi kuiona treni. Andalio lake la somo lilikuwa safi kabisa, lisilo na kosa hata la nukta.

Kuna hadithi na vitendawili pia. Hapa liko jambo linalobishaniwa hata miongoni mwetu wakufunzi. Wako walimu wanaowaagiza wazazi wasizungumze na watoto wao lugha za makabila, bali Kiswahili tu, ati mtoto atachelewa kusoma. Sisi hatukubaliani nao. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, nacho mtoto lazima akimudu. Hiyo ni kazi ya shule. Lakini bibi anayesimulia kwa Kisukuma au Kigogo hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, yenye hila na sababu, anamfundisha mtoto kufuata mawazo yaliyopangwa, kutazamia linalokuja na kukumbuka lililopita. Mtoto huyo akifika katika kitabu cha Kiswahili ataitambua hadithi kuwa ni hadithi. Bibi huyohuyo akilazimishwa kusema Kiswahili asichokimudu atanyamaza, na hapo mtoto amepoteza mwalimu mmoja wala hakupata mwingine badala yake.

Mambo mengine twayapitia upesi, kwa kuwa kila mtu anayajua ingawa si kila mtu anayasema. Mtoto wa kike asipewe kazi zote za jioni huku kaka yake akipewa taa. Daftari liwe na mahali pake pasipofikiwa na maji wala mdogo wake. Mtoto ale kitu kabla ya kutoka. Na kazi ya nyumbani ambayo yahitaji mtu msomi, gazeti, au penseli za rangi, mwalimu asiitoe mahali ambapo vitu hivyo havipo. Itafanywa na dada wa Darasa la Saba, na mwalimu atasahihisha mwandiko wa dada.

Tukumbuke vilevile kwamba habari mbaya ina mkono mrefu. Mwalimu humwambia baba, "Mwanao ni mvivu," akaenda zake. Usiku ule mtoto hupigwa, na kesho yake huja shuleni akiwa amemchukia mwalimu, na kitabu pia. Kwa hiyo twashauri kwamba habari ya kwanza mwalimu atakayompelekea mzazi iwe habari njema, nayo iwe ya kweli: mtoto ana sauti nzuri ya kuimba, mtoto huwasaidia wenzake, mtoto alikuwa hajui kutoa sasa anajua. Hakuna mtoto asiye na habari njema hata moja. Ikiwa mwalimu hawezi kuipata, basi hajamtazama mtoto huyo.

Kuhusu namna ya kwenda, hatudhani twahitaji kuwafundisha wanachuo adabu waliyofundishwa na wazazi wao, ila twasikitika kuona kwamba wengine huivua pamoja na nguo za nyumbani wanapovaa suruali ya ualimu. Mwalimu ana miaka 22, na mzazi ana 55. Shikamoo ni ya mwalimu kuitoa. Asiende na daftari mkononi kama mtu wa kuhesabu kodi. Asiende wakati wa palizi akatazamia kumkuta mtu. Apokee kigoda atakachopewa, aulize habari za shamba, wala asianze na kasoro za mtoto. Na asikilize, maana mzazi naye ana habari ambazo shule haina.

Tunao mfano mmoja. Mwanachuo alikuwa na mtoto wa Darasa la Nne aliyesinzia kila siku kabla ya saa nne, na mara nyingi alichelewa. Katika daftari la mwanachuo yule tulikuta ameandika: "Mtoro, mzembe, wazazi hawajali." Tukamwomba aende nyumbani kwao. Aliporudi alikuwa mpole. Shamba lao la mpunga lilikuwa limekaribia kuiva, na kweleakwelea walishuka alfajiri na tena jioni. Mtoto alilala katika dungu pamoja na babu yake, akaamka gizani kufukuza ndege, kisha ndipo alipokimbilia shule. Baba hakuwa mtu asiyejali. Alikuwa mtu mwenye mpunga mmoja tu wa kulisha nyumba mwaka mzima. Walizungumza wakapatana: alfajiri atakwenda mjomba, mtoto atakwenda jioni baada ya shule. Hatutaki kusema kwamba mambo yote yalinyooka. Mjomba alikuwa na safari zake, na mara mbili kwa juma mtoto aliendelea kuchelewa. Lakini mwalimu sasa alijua sababu. Alimhamishia karibu na dirisha, na somo la Kusoma akalisogeza hadi kipindi cha tatu kwa ajili yake na wenzake wanne waliokuwa katika hali ileile. Wale wanne hakuwa amewajua kabla ya ziara ile.

Tutaambiwa: mwenye watoto 120 atawatembelea wote lini? Hawezi, wala hatumtaki ajaribu. Aanze na watano ambao wanamshinda. Habari za wote azipeleke mahali watu walipo tayari: amwombe mwenyekiti wa kitongoji dakika kumi katika mkutano wa kijiji, amwone balozi, azungumze na shehe na padre, asimame na akina mama kisimani. Kamati ya shule isiwe ya kuhesabu madawati tu; wajumbe wake ni wazazi, nao waweza kuchukua maneno ya mwalimu hadi mtaani kwao. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nusu ya kwanza iwe ya kuwaonyesha watoto: huyu asome, yule afanye hesabu ubaoni, wale waimbe jedwali la kuzidisha. Mambo ya choo na uzio yafuate baadaye. Mzazi aliyemwona mwanawe amesimama mbele ya watu akasoma, hana haja ya kuhutubiwa juu ya mwamko.

Siku hizi shule nyingi zina kundi la wazazi katika simu, na kwa matangazo ni chombo kizuri. Tumeona, hata hivyo, picha ya matokeo ya darasa zima ikitumwa humo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina wazi. Mama wa yule wa mwisho naye yumo katika kundi. Jambo hilo twalipinga kabisa. Tena mwalimu asidhani kwamba ujumbe uliotumwa umefika. Wale tunaowahitaji zaidi ndio aghalabu wasio na simu ya namna hiyo, ama wanayo na hawawezi kusoma kilichoandikwa.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, sisi wa idara yetu tumekubaliana kuongeza ukurasa mmoja katika daftari la kila mwanachuo. Utakuwa na majina ya watoto watano aliowachagua, siku aliyokwenda kwao, habari njema aliyoipeleka, jambo alilolisikia kwa mzazi ambalo hakulijua, na kazi moja ambayo nyumba ile ilikubali kuifanya. Ukurasa huo tutaukagua kama tukaguavyo maandalio ya masomo. Na atakayeandika tena kwamba wazazi hawana mwamko, tutamwomba atutajie majina yao.